Ngazi Mbili Kutoka Hapa

Mama mkwe alirudi kutoka duka la dawa mikono mitupu, na hilo peke yake lilitosha kuivuruga nyumba nzima. Alivua viatu mlangoni akaviacha vimelala ubavu, akajitupa kwenye kiti chake cha karibu na dirisha, akaanza kujipepea kwa cheti cha daktari.

"Mashine zimekufa," akatangaza. "Duka zima! Watu tumepanga foleni mpaka nje, wazee, wagonjwa, mama na mtoto anakohoa, halafu binti wa kaunta anatuambia turudi kesho. Dawa yangu naiona pale kwenye rafu. Naiona kwa macho yangu haya! Eti hawezi kunipa mpaka kompyuta ikubali."

"Pole, mama."

"Pole haishushi presha."

Aliyetoa pole alikuwa mume wa binti yake, naye alikuwa amekaa palepale alipokaa jana na juzi, kwenye meza ndogo iliyobanwa kati ya friji na ukuta wa sebule. Hiyo ndiyo ilikuwa ofisi yake. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta, na kazi ya namna hiyo ina aibu yake: haina jasho, haina vumbi, haina sare. Mtu akiifanya vizuri anaonekana amekaa, na akiiharibu anaonekana amekaa vilevile. Majirani, ambao asubuhi huondoka wote na kumwacha yeye, walikuwa wamempa jina la Mlinzi wa Mchana. Walimwachia funguo, walimwelekezea wauza gesi, walimwomba aanue nguo mvua ikianza. Mama mkwe alipolisikia jina hilo mara ya kwanza alicheka mpaka akajifuta machozi, wala hakumkemea mtu.

Mlinzi aligeukia skrini yake. Maduka yale ya dawa, yenye matawi kila pembe ya mji, ndiko shemeji yake, kaka wa mkewe, alikokuwa mkuu wa kompyuta. Na jana jioni kifurushi cha programu alichokiandika yeye Mlinzi kilikuwa kimesakinishwa kwenye kaunta zote.

Simu ikaita kabla hajafikiri la kufanya.

"Shem, umeniua," sauti ya shemeji ikasema bila salamu.

"Kuna nini?"

"Kaunta zote zimelala. Hakuna kaunta inayojua printa yake. Lebo hazitoki, na bila lebo hakuna dawa inayotoka dukani. Folda ya mipangilio haipo. Haipo, shem! Kifurushi chako kimeifuta."

"Haiwezekani. Kinafuta ile ya zamani ya kaunta, basi, halafu kinaweka mpya. Nimekijaribu mara chungu nzima. Kwangu kinafanya kazi."

Mama mkwe akaacha kujipepea.

"Kwako wapi?" akauliza, taratibu, macho yakiwa dirishani.

Shemeji hakusikia, maana alikuwa bado anapiga kelele upande wa pili. Mlinzi alisikia. Aliibana simu sikioni, akasema ndiyo, ndiyo, nakuja, nipe muda kidogo niangalie, akakata. Alipogeuka, mama mkwe alikuwa anamtazama kwa mshangao wa kweli, kinywa wazi.

"Kumbe dawa yangu umeifungia wewe," akasema.

*

Mkewe alikuwa chumbani anapiga pasi sare yake ya uuguzi. Wiki ile alikuwa na zamu ya jioni, kwa hiyo asubuhi alikuwepo, ingawa kuwepo kwenyewe kulikuwa kwa mashaka: alilala, alifua, alipiga pasi, alijibu akiulizwa. Kwenye stuli palikuwa na kikombe cha chai alichomletea mumewe saa nyingi. Kilikuwa kimejaa na kimeshika utando.

"Nimesikia," akasema kabla hajaambiwa. "Ukuta huu ni karatasi."

Mlinzi akafunga mlango, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alitaka kumweleza, na akaanza, kwa sababu zamani alikuwa akimweleza na yeye akiuliza. Kifurushi cha programu kikishateremshwa kwenye kompyuta ya mtu, alisema, kuna skripti ndogo ndani yake inayoamka yenyewe kumalizia kazi: kufuta vya zamani, kuweka vipya. Sasa skripti hiyo inapoamka haipo pale alipo mtu aliyetoa amri. Inaamka ndani ya folda yake yenyewe, kule kilikohifadhiwa kifurushi. Na kazi yake haiko kule. Kazi yake iko kwenye folda ya huyo aliyetoa amri, ya kaunta.

"Sasa inafikaje?" mkewe akauliza, pasi inaendelea kwenda na kurudi.

"Nilihesabu. Kwenye kompyuta yangu, kutoka pale inapoamka, ukipanda ngazi mbili juu, yaani ukitoka folda mbili nje, unaingia kwenye folda ya mtumiaji. Nikaiandikia hivyo: panda ngazi mbili, ukifika futa mipangilio, weka mipya."

"Na kwao?"

"Kwao nadhani vifurushi vimewekwa mahali pengine. Ukipanda ngazi mbili unaingia kwa wote."

"Ikafuta ya wote."

"Ndiyo."

Mkewe akasimamisha pasi wima. Kwa muda kidogo ilionekana angesema jambo refu. Mtaa wa nyuma ya soko palikuwa na vyumba viwili walivyokwenda kuviona pamoja, vyenye mlango wake na bomba lake, na mwenye nyumba alikuwa amewapa mpaka mwisho wa mwezi. Kazi hii ndiyo ingewatoa hapa. Wote wawili walilijua hilo, na tangu kazi ianze hakuna aliyelitamka, wakiogopa kulitia nuksi.

"Sasa vile vyumba?" akauliza.

"Nitatengeneza leo. Nikitengeneza leo mambo yatakaa sawa."

"Sawa," akasema mkewe, akachukua kola ya sare na kuinyoosha.

Hiyo "sawa" Mlinzi aliijua. Ilikuwa imehamia nao kwenye nyumba hii. Siku ile kazi zilipomkaukia na kodi ikawashinda, mama mkwe aliwaita kula, akasema mezani, "Njooni mkae kwangu, chumba kimelala tu." Mlinzi akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameinamia sahani yake. Mlinzi akaona haya kumuuliza mbele ya mama yake, akajua tu kwamba binti anataka kwao, akajibu kwa niaba ya wote wawili: asante sana, mama. Njiani mkewe alisema "sawa," na tangu siku ile neno hilo ndilo lililokuwa likimjibu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye hakupewa hata jembe, alipewa meza ya karibu na friji.

"Chai yako imepoa," akasema akisimama.

"Nimeiona."

*

Ofisi kuu ya maduka yale ilikuwa na mlinzi wa kweli, mwenye kofia na rungu.

"Unamtaka nani?"

"Mkuu wa kompyuta."

"Una miadi?"

"Ni shemeji yangu."

"Mashemeji hawana miadi?" akauliza yule bwana, akamwonyesha benchi.

Akakaa. Watu walipita na karatasi mikononi, simu ziliita kila upande, na katika chumba cha jirani mtu alikuwa anarudia sentensi moja kwa sauti ya upole iliyochoka: tunaomba radhi mteja, tunaomba radhi mteja. Vijana wawili walipita, mmoja akamnong'oneza mwenzake kwa mnong'ono wa kusikika, "Ndiye huyo, fundi wa kufuta." Mlinzi akainamia simu yake iliyokuwa haina ujumbe wowote mpya. Alifungua mazungumzo yake na mkewe. Neno la mwisho kutoka kwa mkewe lilikuwa: *nunua sabuni*. La kabla ya hapo: *gesi imekuja?* Alipandisha juu, juu zaidi, na yote yalikuwa ya namna hiyo.

Shemeji alitoka akiwa amelegeza tai.

"Twende. Usiongee na mtu."

Alimpeleka stoo, katikati ya maboksi ya bomba za sindano, ambako palikuwa na kompyuta ya akiba iliyopangwa vilevile kama za kaunta, yenye folda ya kila kaunta. Akabaki amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Nakala ya akiba ya mipangilio ninayo," akasema. "Naweza kuirudisha sasa hivi. Lakini kifurushi chako kinajisakinisha upya kila wanapowasha mashine. Nikirudisha leo, kesho asubuhi kinafuta tena. Kwa hiyo, shem, ama unipe kilichonyooka sasa, ama nakiondoa chote na nawaambia wakubwa nilikosea kukuleta. Mimi pia nimekalia kuti kavu."

"Nimekuelewa."

"Mama amepiga simu mara nne. Ananiuliza mimi habari ya dawa yake!"

"Amenieleza na mimi."

Alipobaki peke yake, Mlinzi alifanya kosa ambalo kila mwenye kazi ile hulifanya akiwa na hofu: alianza kuhesabu upya. Akaona kweli kampuni inaweka vifurushi vyote vya kila programu kwenye ghala moja la pamoja. Basi akaandika: panda ngazi tatu, shuka moja. Ikafika. Akafurahi. Akahamia folda ya kaunta nyingine na kusakinisha upya. Skripti ikaenda kulekule kwa kaunta ya kwanza, ikaiacha hii ya pili tupu. Akajaribu ngazi nne. Akajaribu kutafuta kwa jina. Kila hesabu ilikuwa sahihi kwa mtu mmoja na uongo kwa mwingine, na kila mara alipokosea alijisemea kwamba hakuhesabu vizuri.

Jasho lilimtoka, jasho lile ambalo kazi yake ilidhaniwa haina, wala hakukuwa na wa kuliona. Alitamani mtu aingie, hata yule kijana aliyemwita fundi wa kufuta, amuulize unafanya nini. Hakuingia mtu. Alikumbuka chumba chao cha zamani, mkewe amekaa nyuma yake kitandani anakula karanga, anauliza maswali ya kijinga ambayo nusu yake hayakuwa ya kijinga. "Kwa nini unaiambia? Kwa nini usiiulize?" Alikuwa akiyasema hayo juu ya kila kitu, mpaka juu ya jirani aliyekuwa akipiga redio.

Mlinzi aliondoa vidole kwenye kibodi.

Alifuta ngazi zote. Mahali pake akaandika mstari mmoja tu wa kuiambia skripti, ikiamka, iandike kila kitu inachoambiwa wakati huo, kila kitu, bila kuchagua. Akasakinisha. Skrini ikajaa mistari: jina la mashine, lugha, saa, takataka nyingi za kawaida. Na katikati yake, kimya kimya, mstari wenye anwani kamili ya folda ya kaunta, palepale mtu alipokuwa amesimama alipotoa amri. Akahamia kaunta nyingine, akarudia. Mstari ukabadilika, ukataja kaunta ile nyingine. Kila mara kisakinishi, ile programu inayoweka vifurushi, kabla hakijaingia ndani ya kifurushi, kilikuwa kikihifadhi anwani ya pale aliposimama mwenye amri, na kuiachia skripti. Jibu lilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyeliuliza.

Alicheka peke yake stoo, kicheko cha aibu. Kisha akaandika maneno machache, akajaribu kwa kaunta moja, ya pili, ya tatu, na zote zikapokea mipangilio yake bila kugusa ya jirani.

Shemeji alipokuja kuona alimkumbatia mpaka tai ikamwingia Mlinzi mdomoni. Nakala ikarudishwa, kaunta zikaamka moja moja, na yule wa kuomba radhi chumba cha pili akanyamaza. Ndipo shemeji alipojisafisha koo.

"Bosi nimemwambia tatizo nimeligundua mimi. Usinielewe vibaya. Ningesema ni wewe, angesema ndiye aliyelileta."

"Si kweli?"

"Ni kweli, shem, lakini..." Akatazama maboksi. "Watakulipa, ila nusu. Na ile awamu ya pili niliyokuambia, wamesema hapana."

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mlinzi alisema asante, kwa sababu alikuwa mtu wa kusema asante haraka, akapita tena mbele ya mwenye rungu, ambaye safari hii hakumwuliza kitu.

*

Alipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa amekwisha kumeza dawa yake. Boksi lilikuwa mezani na lebo yake mpya, imechapwa vizuri, jina lake, kidonge kimoja asubuhi.

"Mwanangu huyo!" akasema, anaipiga lebo kwa ukucha. "Amekaa na mashine zile mpaka zimemtii. Amenitumia dawa kwa pikipiki ya ofisi. Kanipigia mwenyewe, 'Mama, nimezitengeneza.'"

"Alhamdulillahi," akasema Mlinzi.

"Na wewe ulikwenda kumsaidia?"

"Nilikuwepo."

"Vizuri. Usikae ndani tu, mkwe wangu. Mtu hujifunza kwa kutazama."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma. Aliingia chumbani. Mkewe alikuwa anafunga vifungo vya sare mbele ya kioo, mkoba uko begani tayari.

"Imekuwaje?" akamuuliza kupitia kioo.

"Zinafanya kazi. Watalipa nusu. Kazi nyingine hakuna."

"Kwa hiyo vile vyumba basi."

"Basi."

Akangoja "sawa." Ilikuwa inakuja, aliiona mdomoni mwake. Akaitangulia.

"Nikuulize kitu."

"Uliza, nachelewa."

"Siku mama alipotuambia tuje kukaa hapa, wewe ulitaka?"

Mkono wa mkewe ukasimama kwenye kifungo. Sebuleni mama mkwe alikuwa anampigia jirani simu ya kumsifu mwanawe.

"Kwa nini unaniuliza leo?"

"Kwa sababu siku ile sikukuuliza."

Mkewe aligeuka, akawa anamtazama yeye badala ya kioo. "Nilikuwa naangalia sahani," akasema kwa sauti ya chini. "Nasubiri useme hapana. Nilijisemea, akikataa tu, hata tukalale chumba kimoja na jiko ndani, nitakwenda. Ukasema asante sana, mama. Harakaharaka. Nikaona, aa, kumbe mwenzangu amechoka, anataka pa kupumzika. Nikanyamaza."

"Mimi nilidhani unataka kwa mama yako."

"Mama yangu nampenda. Lakini sitaki anihesabie vijiko." Akataka kucheka, kicheko hakikufika. "Unakadiria mno, mume wangu. Sukari nimeacha tangu mwaka jana, na kila asubuhi unanitilia. Nakiacha kikombe palepale ukione. Unakiona, kesho unatia tena."

Mlinzi alitaka kumwambia kwamba chai ile ndiyo kitu pekee cha siku nzima alichokuwa na hakika nacho.

"Ungeniambia," akasema.

"Ndiyo, ningekuambia. Na mimi nilikuwa nangoja niulizwe." Akamgusa bega kidogo, mguso wa mtu anayepita, akatoka. Mlango wa mbele ukasikika ukifunguliwa na kufungwa.

Alikaa kitandani akiangalia pasi iliyozungushiwa waya wake. Chumba kimoja na jiko ndani: nusu ya malipo ingetosha kwa hicho, na huenda ingebaki. Huku sebuleni mama mkwe, katika sifa zake kwenye simu, alikuwa amefika penye pikipiki ya ofisi. Mlinzi akasimama ghafla, akapita mbele yake bila kuaga, akavaa viatu akiwa anatembea, akashuka ngazi, akavuka ua na kufika getini.

Hapo akasimama. Barabara ilikwenda kushoto na ilikwenda kulia. Watu walikuwa wanatoka kazini pande zote, na sare nyeupe haikuonekana popote. Hospitali aliijua ilipo, lakini huenda mkewe alipanda gari upande wa juu, au alikata njia ya chini, au alipitia kwa mtu kwanza. Tangu wahamie, mkewe alikuwa akitoka kwenye geti hili kila siku ya kazi, na yeye, Mlinzi wa Mchana, anayejua gesi ya nani imeletwa na nguo za nani zimeanuliwa, hakujua mkewe akitoka hapa hugeukia wapi.

Karibu aanze kukisia. Mguu ulikuwa umeshainuka kuelekea kulia. Akaurudisha, akatoa simu.

"Uko wapi?"

"Njiani. Kuna nini? Mama ameanguka?"

"Hapana. Nataka nikusindikize. Nipo getini, sijui unapitia upande gani."

Alisikia magari kwenye simu, na hatua zake, kisha hatua zikakoma.

"Muda wote huu hujui?"

"Sijui. Niambie."

Alidhani simu imekatika, akaitazama, akairudisha sikioni. Mkewe alikuwa anavuta pumzi, ama analia, ama ni vumbi la barabarani.

"Kushoto," akasema. "Nyoosha mpaka kwa fundi viatu. Nimesimama hapo. Na ufunge geti, mama asije akatutangaza mtaa mzima."

Alifunga geti, akashika kushoto.